Namna ya Kuwa Bingwa wa Seongsu kwa Wiki Mbili

Hongera kwa kupata kazi Seoul. Mkataba umesainiwa, viza imetoka, na binamu zako wamekwisha kuanza kukutumia orodha ya vipodozi vya kuleta ukija likizo. Ofisi yenu iko Seongsu-dong, kaskazini ya mto Han, mtaa ambao vijana wa Kikorea huujaza kila Jumamosi wakiwa wamevaa kana kwamba wanakwenda kuposa. Mwaka 2024 jarida la Time Out liliuweka nafasi ya 4 katika orodha yake ya mitaa inayotamba duniani. Yaani umekuwa mtu wa maana kabla hata hujafungua begi. Kilichobaki ni kupata maoni.

Maoni ndiyo kazi halisi ya mgeni mkazi. Wakongwe wa Dar es Salaam wanakumbuka tulivyowaita wataalamu wa kigeni ma-TX, kwa herufi zilizokuwa kwenye vibao vya magari yao. TX alishuka uwanja wa ndege Jumatatu. Kufika Ijumaa alikwisha kujua kwa nini hatuendelei, na Jumamosi alikuwa ufukweni akiwaeleza wenzake. Leo zamu imetufikia sisi. Itakuwa aibu Mswahili achukue muda mrefu kuliko Mzungu kuuelewa mtaa wa watu. Wiki mbili zinatosha, na ukiufuata mwongozo huu sawasawa utabakiwa na siku mbili za kulala.

Usimpe pole mwenye ukuta

Somo la kwanza ni kutu. Tangu miaka ya 1960 Seongsu ilikuwa mtaa wa karakana: wachapaji, mafundi magari, wakata vyuma, na baadaye mafundi wa viatu vya ngozi, ambao walikusanyika hapa kwa wingi kuliko mahali pengine popote Korea. Kazi zilipopungua, majengo yakabaki na matofali yake mekundu na kodi yake nafuu. Ndipo wakaja watu wa kahawa. Ghala la Daelim, ambalo mwanzo lilikuwa kinu cha mpunga, likawa mkahawa wenye kazi za sanaa ukutani. Mkahawa wa Onion ukaingia kwenye jengo kuukuu na kuliacha vile vile ulivyolikuta, plasta imebanduka na zege liko wazi.

Mtu aliyekulia Gerezani, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, akiingia humo mara ya kwanza hushikwa na huruma. Mimi nilidhani mwenye mkahawa ameishiwa fedha katikati ya ujenzi, kama tunavyoishiwa sisi tukifika kwenye linta, nikataka kumpa pole. Bahati nzuri Kikorea changu kilikuwa bado hakijafika huko. Zile nyufa zimelipiwa, ndugu yangu. Yupo msanifu majengo aliyesimama pale na kalamu yake akaamua tofali lipi libaki uchi. Na wilaya ya Seongdong, ambamo Seongsu imo, hutoa ruzuku kwa mwenye nyumba anayejenga au kukarabati kwa matofali mekundu, ili mtaa usipoteze sura yake. Kwetu ukuta wa namna ile hutembelewa na mtu wa serikali mwenye kopo la rangi nyekundu, naye akiondoka huacha alama ya X.

Kwa hiyo kariri: ukiona kutu, vuta pumzi na useme, "Mtaa huu una roho." Inamisha kichwa kidogo, kama unayeusikiliza ukuta. Ukibanwa ueleze ni roho ya namna gani, taja Brooklyn. Seongsu huitwa Brooklyn ya Seoul, na katika miaka yangu miwili hapa sijasikia mtu akimwuliza msemaji kama Brooklyn yenyewe alishafika.

A-a

Kahawa inataka tahadhari ya lugha. Wakorea wengi hunywa Americano ya barafu hata Januari, baridi iko chini ya sifuri na kando za mto zimeganda. Wana neno lao la utani kwa watu hao, eoljuka, yaani heri nife kwa baridi lakini kahawa yangu iwe na barafu. Kinywaji chenyewe wamekifupisha jina: a-a. Sasa mfikirie Mswahili aliye kaunta, ameulizwa kama ataongeza na keki, naye kwa adabu yake yote anatikisa kichwa: "A-a." Nimeuziwa kahawa tatu kwa njia hiyo.

Kukubali nako kuna mtego wake, kwa sababu ndiyo ya Kikorea ni ne. Mhudumu akikuitikia "ne, ne," usidhani ameandika nne mara mbili. Nne wenyewe wanaikwepa; tarakimu hiyo hutamkwa sa, sawasawa na neno la kifo, na ndiyo maana lifti nyingi zina herufi F pale ulipotegemea kukuta 4. Ofisi yetu iko ghorofa ya F. Nyumbani nimewaambia niko ya nne tu, mama asije akafikiri ndiyo alama niliyopata.

Ukishapata kahawa yako utaona jambo la ajabu: watu huweka simu au kompyuta mezani kushika nafasi, halafu huondoka, wengine hadi ghorofa nyingine. Hapa TX mwenye uzoefu hupata aya nzima bila kutoa jasho. "Korea hakuna wizi." Iandike, itume nyumbani, upongezwe. Zile kamera za dari usizitaje. Wala usitaje utani wa Wakorea wenyewe, kwamba kompyuta ukiiacha utaikuta lakini baiskeli usithubutu. Mimi bado nikienda msalani hapa mkahawani naenda na kompyuta kwapani. Wananitazama kama mwizi.

Simama kwenye foleni

Seongsu ni mji mkuu wa maduka ya muda, yale yanayofunguliwa kwa wiki moja au mbili, yakapambwa kama ukumbi wa harusi, kisha yakabomolewa usiku mmoja. Foleni ndiyo bidhaa. Blue Bottle ya Marekani ilipofungua mkahawa wake wa kwanza Korea hapa Seongsu, Mei 2019, kwenye jengo la matofali mekundu bila shaka, walikuwapo watu waliofika kabla ya jua kuchomoza. Dior walijenga duka lao mwaka 2022, jumba la kung'aa lililosimama katikati ya karakana kama bibi harusi aliyepotea njia, na wengi wanaosimama mbele yake hawana nia ya kuingia. Wanangoja zamu ya kupiga picha.

Usiulize foleni ni ya nini. Ukiuliza utajulikana kuwa mgeni. Jumamosi yangu ya kwanza nilisimama kwa karibu dakika hamsini nyuma ya wasichana wenye furaha kubwa. Tulipofika ndani tukazungusha gurudumu la bahati, nami nikashinda dawa ya meno. Ndogo, ile ya ndege. Nilipiga nayo picha.

Kisa hicho kilinipa pigo jingine nisilolitarajia. Nilikuwa nakisimulia kwa Kiswahili, kwenye simu, nikitia chumvi kidogo kama ilivyo desturi, "nimesimama masaa mawili," mara kijana wa Kikorea aliyekuwa meza ya jirani akageuka, akainama kwa heshima, akasema, "Samahani, ndugu. Nadhani ulikusudia saa mbili. Masaa si sanifu." Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Kigeni kinafundisha Kiswahili tangu miaka ya 1980, na wahitimu wake wamo mjini humu humu. Wanajua ngeli. Ukikutana na mmoja wao, hamia Kiingereza haraka.

Umri wako ni mali ya umma

Utaulizwa umri, pengine kabla ya jina la baba. Wazungu hulikasirikia swali hili na kuliandikia malalamiko marefu. Sisi tuna bahati, maana tunajua linakotoka. Kitenzi cha Kikorea hubadilika mwisho wake kulingana na unayezungumza naye, hivyo mtu asiyejua umri wako yuko katika taabu ile ile ya Mtanzania aliyekutana na mtu wa makamo mlangoni na hajui amwamkie shikamoo au mambo. Siku ya kwanza kazini nilimwinamia kila mtu, pamoja na kijana wa mapokezi aliyezaliwa nikiwa sekondari. Alichanganyikiwa, naye akainama zaidi. Tukashuka hivyo kwa zamu mpaka lifti ikafika.

Hesabu ya umri wenyewe ilikuwa na vituko vyake. Kwa desturi Mkorea alizaliwa tayari ana mwaka mmoja, akaongezewa mwingine kila Januari mosi, hadi sheria iliyoanza kutumika Juni 2023 ilipoamuru shughuli za serikali zifuate hesabu ya kimataifa. Taifa zima likapungua umri. Jambo hili usilifafanue kwenye barua zako; sema tu "utamaduni wa kale" uendelee na mengine.

Mengine ni mepesi. Kadi ya biashara toa kwa mikono miwili. Kinywaji cha mkubwa mimina kwa mikono miwili, cha kwako kinywe umegeuza uso pembeni. Aliyelelewa Pemba hatofundishwa lolote hapo, isipokuwa kilichomo kwenye glasi.

Usitazame chini ya reli

Wanafunzi wengi huanguka somo hili, kwa hiyo soma polepole.

Treni ya Laini namba 2, inayozunguka jiji kwa duara, sehemu kubwa ya njia yake iko chini ya ardhi. Seongsu hupita juu, kwenye nguzo za zege. Ukishuka ngazi utataka kwenda kulia au kushoto, kwenye mikahawa. Nenda. Usisimame chini ya zile nguzo, maana huko bado kuna maduka ya ngozi, soli, visigino na vifungo, pikipiki zilizobeba mafurushi ya soli kama mikungu ya ndizi, na wazee wenye vidole vilivyoingia gundi nyeusi isiyotoka tena. Ndani ya stesheni wamewekewa maonyesho ya viatu kwenye makabati ya kioo. Piga picha ya kabati. Kabati halinuki gundi.

Na ukimwona fundi, mwone kama sehemu ya mandhari. Sema "mafundi wa jadi." Usiulize analipwa kiasi gani, kwa sababu atakujibu. Mwaka 2018 mafundi viatu wa Seoul walifanya mgomo na kukalia ofisi za kampuni moja kubwa ya viatu. Fundi alikuwa akilipwa kati ya won 6,500 na 7,000 kwa kazi yake kwenye jozi moja, kiwango ambacho kilikuwa hakijapanda kwa takriban miaka minane, na jozi yenyewe dukani iliuzwa kama won 300,000. Baada ya wiki kadhaa walikubaliana nyongeza ya won 1,300.

Won 7,000, kama utakavyogundua siku ya pili, ni bei ya kahawa yenye maziwa na jina refu katika mikahawa ya hapa. Hesabu hiyo usiifanye ukiwa na kikombe mkononi. Mimi niliifanya nikiwa na kikombe mkononi, na kuta zile zilizobanduka, ambazo nilikuwa nimekwisha kuanza kuzipenda kama nilivyofundishwa, zikanirudia kama nilivyoziona siku ya kwanza: mahali ambapo mtu alikuwa akifanya kazi na sasa hayupo.

Kitu kingine usichotakiwa kukiuliza ni daraja. Daraja la Seongsu linavuka mto kuelekea Gangnam, na jioni taa zake hupendeza kwenye picha. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1994, saa ya watu kwenda kazini na shuleni, kipande cha katikati kilianguka mtoni pamoja na magari na basi. Watu 32 walikufa, wakiwemo wanafunzi wa kike waliokuwa ndani ya basi hilo. Uchunguzi ulikuta uchomeleaji mbovu na matunzo duni. Daraja lilikuwa na miaka 15 tu. Mnara wa kumbukumbu upo, lakini umewekwa kando ya barabara ya magari ya kasi, mahali ambapo mtu wa miguu hufika kwa shida. Kuna mwenzangu ofisini, mtaratibu, hupanda basi linalovuka daraja hilo kila siku. Hulipita amenyamaza. Sikuwahi kumwuliza, na hili ni sharti moja la mwongozo huu ambalo nalitoa bila kejeli.

Omboleza mapema

Kufikia siku ya kumi unaruhusiwa kuanza kusikitika. TX asiyesikitika hajakomaa. Kaa dirishani, shika kikombe, sema: "Seongsu si ile tena." Ile ipi? Ile ya Jumanne iliyopita, lakini usitaje tarehe.

Hoja hazitakosekana. Kodi zimepanda mpaka mikahawa iliyowafukuza mafundi nayo inafukuzwa na maduka ya nguo. Wilaya iliona mapema: mwaka 2015 ilipitisha kanuni, ya kwanza nchini, ya kuwalinda wapangaji wasisukumwe nje na umaarufu wa mtaa wao wenyewe. Kampuni ya burudani ya SM, yenye waimbaji unaowajua kupitia wapwa zako, ilihamishia makao yake hapa mwaka 2021, na wapwa hao wakitua watakutaka mpige picha hata kuta za nje. Mwaka 2024 kampuni ya vipodozi ya Olive Young ilishinda mnada, won bilioni 1, ili jina lake liandikwe kando ya jina la stesheni. Watu wakanung'unika, na kampuni ikaiachia haki hiyo. Wakati huo stesheni ikabaki na jina lake, na makabati yake ya viatu.

Ukiomboleza, jihadhari na Mkorea mwenye umri mkubwa aliye karibu. Anaweza kukukumbusha kwamba Msitu wa Seoul, ile bustani unayokimbia asubuhi na ambayo ilifunguliwa mwaka 2005, ulikuwa uwanja wa mbio za farasi, na kabla yake wafalme waliwinda huku. Atakuharibia huzuni yako yote kwa dakika moja.

Bado kiatu

Hapa mwongozo ulikuwa uishe, nawe ungetunukiwa cheti. Lakini Julai mvua za masika ya Korea zilinikuta nimevaa kiatu cha mtumba kutoka soko la Karume, na soli ya mguu wa kulia ikaachia kinywa wazi mbele ya watu waliovaa vizuri kuliko watu wote wa Asia. Ramani ya Google haikunifaa. Wakati huo, huku Korea, ilikuwa haielekezi njia za miguu, na watu walitumia ramani ya Naver. Nikachechemea hadi chini ya reli, nilikokuambia usitazame.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alikipokea kiatu kwa mikono miwili, akakigeuza, akaisoma mishono ya zamani ya fundi wa Kariakoo, ile ya uzi mnene, akacheka kwa pua. Kisha akaniuliza umri. Nilipomtajia aliacha lugha ya heshima papo hapo, akaninyooshea kidole kigoda cha pili nikae. Nikasikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nitue.

Ilimchukua nusu saa. Alifumua mshono wa zamani nusu tu, uliobaki akauacha, akaupiga kidole mara mbili kunionyesha kwamba umeshika. Bei ilikuwa won 8,000. Nikampa 10,000, nikasema abaki na chenji, nikaondoka kwa madaha ya TX. Alinikimbiza na aproni yake hadi kwenye taa za kuvukia, akanibandika won 2,000 kiganjani mbele ya foleni nzima ya duka la muda, huku akinigombeza kwa lugha anayosemeshwa mtoto.

Mwaka wa pili huu na maoni bado sijapata, lakini kiatu kinazuia maji. Ukifika Seongsu na soli yako imeachia, shuka ngazi za stesheni na ubaki pale pale chini ya nguzo, utawaona. Wengi hufunga saa kumi na mbili jioni. Nenda na fedha taslimu, kamili.